Nailoni Isiguswe

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amerudi kutoka kliniki. Atapasuliwa sikio la kushoto Ijumaa. Huenda likapona, huenda likazima kabisa. Alinieleza huku akikunja nguo, kama anasimulia habari za jirani. Kisha akasema ana ombi moja. Kabla ya Ijumaa ausikie, kwa masikio yote mawili, muziki wa treni ikiondoka kwenye ile filamu iliyotukutanisha. Yeye alikuwa akiuza tiketi kwenye dirisha la jumba la sinema. Filamu yenyewe hakuwahi kuiona, muziki aliusikia kupitia ukutani. Mimi niliiona mpaka nikaichoka, kwa ajili ya lile dirisha.

Nikamwambia hilo dogo. Albamu ninayo! Kisha nikakumbuka. Iko ndani ya nailoni yake ya kiwandani. Mkusanyaji halisi wa muziki wa filamu hafungui nailoni. Sasa nifanyeje?

Jumanne, 4 Machi

Mbinu: kuazima CD ya Fundi Saa, mkusanyaji mwenzangu na hasimu wangu wa mtaa wa pili. Yeye hufungua zake na kuzisikiliza, kama mtu asiye na malezi. Nilimsifia kabati, nikamsifia hadi viatu. Akakataa. Ati mara ya mwisho nilimrudishia kasha tupu. (Kweli, lakini ilikuwa bahati mbaya.) Akaongeza kuwa albamu ile ina pengo, nisijisumbue. Wivu ni kidonda.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata nyingine kwa muuza mitumba! Nimeibadilisha na redio ya kazini, stoo ya rangi ninakofanya kazi itakaa kimya. Nikakimbia nyumbani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: kuiweka mezani, nayo ina nailoni. Safi kabisa. Nani angethubutu? Sasa ninazo mbili na muziki sina.

Mke wangu akauliza tutasikiliza lini. Nikasema mashine ya CD inahitaji kusafishwa. Akajibu haya, mume wangu. Heri angegomba.

Alhamisi, 6 Machi

Mvuke! Nailoni italegea, tutasikiliza, nitaifunga tena. Nilingoja aingie kuoga, nikaishika ile ya pili juu ya birika. Nailoni ikajikunja, vidole vikaungua, CD ikaniponyoka na kuangukia motoni. Nikapiga ukelele. Akatoka na taulo kichwani, akaliangalia jiko, akaniangalia mimi.

"Mzee wangu," akasema, "mimi naenda kukatwa sikio, wewe unaogopa kukata nailoni."

Niliona aibu. Nampenda mwanamke huyu kuliko kabati zima, pamoja na rafu ya juu. Nikaitoa ile ya kwanza kabatini, nikachukua kisu. Nikafumba macho. Nikakata.

Tukakaa karibu na spika, sikio lake la kushoto mbele. Tukasikiliza mwanzo hadi mwisho. Harusi imo. Ugomvi umo. Treni haimo! Fundi Saa alisema kweli. Nilitamani ardhi inimeze.

Mke wangu akacheka mpaka taulo likaanguka. Kisha akaanza kuuimba mwenyewe, midomo imefungwa, muziki wote wa treni, bila kukosea popote. Mwishoni nikajiunga. Akasema nimeharibu. Nililia, na naandika hivyo bila haya.

Ijumaa, 7 Machi

Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Ninaogopa. Fundi Saa amekuja na chupa ya chai, akakaa nami kwenye benchi. Hakulitaja lile kasha tupu. Alisema tu kwamba iko albamu kamili, ilitoka baadaye, na treni imo. Ni mtu mzuri, ila mashavu yake yana majivuno.

Jumatatu, 24 Machi

Leo wamemwondolea bandeji. Daktari aliliziba sikio la kulia, akasema tumjaribu taratibu. Nikasimama upande wa kushoto, nikauimba muziki wa treni kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Nikaendelea mpaka mwisho.

"Umeharibu tena," akasema.

Anasikia!

Na albamu kamili imefika. Niliagiza mbili: moja ya kuhifadhi, moja ya kufungua. Nimezitazama jioni yote. Nailoni zinang'aa, hazina hata mkunjo mmoja. Itabidi nitafute ya tatu.

Mke wangu ameuliza tutasikiliza lini. Nimemwambia mashine inahitaji kusafishwa. Amejibu haya, mume wangu, na sasa namsikia akifungua droo ya visu.