Jinsi Fundi Mkono-Mrefu Alivyoiamsha Nyongo Yake

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama mlangoni. Wekeni chini mlivyoshika, nyamazisheni simu zenu, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa baina ya mtu mmoja na kikombe kimoja, katika wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, mchana kweupe. Wala asiseme mtu kwamba kikombe ni kitu kidogo. Hamkukinusa.

Shujaa wetu alikuwa fundi bomba, na jina lake la sifa lilikuwa Mkono-Mrefu. Si kwa wizi, hasha, bali kwa kuwa hapakuwa na bomba lililoziba ambalo mkono wake haukulifikia tumboni. Ndiye aliyezama hadi bega katika choo cha shule akaibuka na sweta zima. Ndiye aliyelitiisha sinki la hoteli lililokuwa limewatoa jasho mafundi wenzake. Harufu zilizowatimua wanaume wenye ndevu zao, yeye alizipita akipiga mluzi.

Hata siku moja utumbo wake mwenyewe ukajifunga. Wakampasua, wakamshona, wakamlaza, na kwa majuma mengi akawa analishwa kwa mpira wa mshipani, tone kwa tone, kinywa chake kikiwa hakina kazi ila kulalamika. Kidonda kikapona. Lakini macho yakageuka manjano, ngozi ikamwasha usiku na mchana, na kile alichokitoa msalani kikawa cheupe mithili ya chaki. Watu wengine mambo yao huharibika kwa kuingia nyongo. Ya Mkono-Mrefu yaliharibika kwa kuikosa.

Daktari akatikisa kichwa. "Nyongo isipotiririka wiki hii, itabidi tufungue tena tuangalie."

Mkewe aliposikia neno kufungua tena, akajibwaga kitanda cha jirani, juu ya mguu wa jirani uliofungwa plasta.

Ndipo akaja mtaalamu wa lishe, dada mrefu mwenye miwani, amebeba kikombe kilichofunikwa kisahani.

"Baba, njia zako za nyongo tumezipima, hazijaziba," akasema. "Ini limelala tu. Tumekulisha kwa mshipa muda mrefu, tumbo halikuguswa, nalo ini likapunguza kazi. Humu mna asidi amino, vile vipande vidogo vinavyopatikana protini ya nyama na maharage ikivunjika. Vikigusa utumbo, utumbo unapeleka salamu kwenye kifuko cha nyongo: minya, chakula kimefika. Vingine ini lenyewe linavichukua kutengenezea nyongo."

"Yaani bomba ni safi, ila pampu imezimwa."

"Umesema mwenyewe."

Kisahani kikafunuliwa. Lo! Ikapanda harufu ya yai viza lililolala ndani ya soksi, na jirani wa plasta akajifunika shuka hadi utosini. Mkono-Mrefu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga chuma cha kitanda, akainua mkono ule uliosifika, akanena:

"Enyi mnaonitazama! Mimi nimeingia mashimo ambayo panya waliyahama. Nimesimama katika tope la siku nyingi wala sikukunja pua. Lakini yale, jamani, sikuambiwa niyanywe!"

"Baba watoto, kunywa," akasema mkewe. "Hotuba utatoa ukipona."

Akashambulia. Kikombe kilipogusa mdomo, harufu ikamvamia kama jeshi, naye akarudi nyuma bila kupoteza hata tone. Akashambulia tena, pua ameibana kwa vidole. Akafika kwenye ncha ya ulimi, akashindwa hapo, machozi yakimlenga. Mtaalamu wa lishe akatazama dirishani kwa adabu.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe.

Mama huyu alikuwa mchache wa maneno, na tangu aoe, Mkono-Mrefu hakuwahi hata kukohoa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho nini?"

"Dawa, mama."

"Basi kunywa. Mimi nipo." Akaketi, mikono mapajani, macho kwake.

Tazameni sasa shujaa alivyobanwa! Mbele yake kikombe, ubavuni mama mkwe. Kumeza ni mauti, na kutapika mbele ya mkwe ni aibu ya kusimuliwa na vitukuu. Akachagua mauti. Akainua kikombe kwa mikono miwili, koo likapanda na kushuka, kidole gumba cha mguu kikajikunja chini ya shuka, na kile kinywaji kikashuka chote hata mashapo. Akakitua, akafuta midomo, akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Asante, mama. Kitamu."

"Kumbe?" Mama mkwe akamgeukia mtaalamu wa lishe. "Basi mwongezee."

Akaongezewa. Na kesho yake mama akaja tena, na keshokutwa, kila wakati wa kikombe, hata kabla wiki haijaisha ikafika ile asubuhi ambayo Mkono-Mrefu aliinama msalani, akatazama kwa jicho la kazi, kisha akapaza sauti iliyotikisa vioo:

"Nesi! Nesi! Asivute mtu maji!"

Nesi akaja mbio akidhani mtu ameanguka. Akaingia, akachungulia, akatoka uso umemnawiri.

"Kahawia," akatangaza.

"Kahawia!" wodi nzima ikaitikia. Jirani akagonga plasta kwa mkongojo, mkewe akacheka na kulia kwa pamoja, na daktari alipofika akasema hakuna kisu tena. Ikaingia katika tarehe ya wodi ile kuwa ndiyo siku ini lilipoamka.

"Kuna nini?" Mama mkwe alikuwa mlangoni.

Mkono-Mrefu akakaza kamba za gauni la hospitali nyuma yake, akatafuta neno la heshima.

"Mama... ile njia imekubali."

Mama alikuwa amelea watoto wengi. Akampa mkono. "Hongera, mwanangu."

Majemadari walioteka miji wamejengewa minara. Yeye hakujengewa kitu. Alirudi msalani, akavuta maji kwa mkono wake mwenyewe, akasimama akiyasikiliza yakienda, yakienda, mpaka yakanyamaza.