Leseni Namba Moja ya Kompyuta ya Kahawa

Jumatatu, 26 Julai 1999
Ushindi! Mkutano wa kikundi chetu cha kahawa umepitisha pendekezo langu: hakuna kugusa kompyuta bila leseni. Mtunga mtihani, mimi. Msahihishaji, mimi. Mtahiniwa, mimi. Nimepata tisini na sita. Nne nimejinyima ili watu wasiseme.

Aidan, yule kijana wa Liuli mwenye cheti cha chuo, hakujiandikisha. Akauliza programu yangu ya kupanga zamu ikiwa na tundu la kupenyeza mtu, nani atabeba lawama. Nikasimama, nikatoa kifua. "Mwenye leseni atawajibika." Makofi! Aidan akaliandika neno kwa neno kwenye muhtasari. Wivu tu.

Jumanne, 27 Julai
Tangu soko la kahawa lifanywe huria, mnunuzi binafsi ametuletea mashine kubwa ya kumenya kahawa, pamoja na kompyuta. Programu yangu ndiyo inayopanga zamu za wakulima kwenye mashine. Kazi nyeti! Kahawa mbivu ikikaa siku mbili bila kumenywa, inanuka, hakuna wa kuinunua.

Aidan ameniuliza kama neno la siri ni gumu. Nimecheka. Ni Loyola, alikotoka somo wangu Mtakatifu Inyasi. Mbinga nzima nani ataliwaza hilo?

Jumatano, 28 Julai
Orodha mpya ya zamu imetoka. Othmar, aliyekuwa wa thelathini na moja, ni wa kwanza! Mama Kunigunda, aliyekuwa wa kwanza, yuko wa thelathini na moja, na jana alichuma nusu ya shamba. Ni mama yangu wa ubatizo. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba kompyuta ina sababu zake. Akaketi juu ya magunia yake. Akasema kahawa hiyo ndiyo mabati ya nyumba yake, na mvua haisubiri sababu. Niliona haya, lakini mtaalamu hayumbi.

Alhamisi, 29 Julai
Magunia ya Mama Kunigunda yananuka hadi barabarani. Mkutano wa dharura.

Othmar amekiri bila hata kuinamisha kichwa. Nilipokwenda kula, alikaa kwenye kiti changu. Aliandika Inyasi, ikakataa. Aliandika Loyola, ikafunguka, akabadilishana nafasi na Mama Kunigunda. Nikamwita jambazi. Akanishangaa.

"Kila mwaka tunakuja kwako na ngoma kumsherehekea somo wako. Nani hapa hamjui?"

Nikasema suala liende kwenye bodi ya leseni. Wakauliza bodi ni nani. Nikaomba watafute wenye leseni wengine, tugawane lawama. Daftari la leseni lina jina moja, langu. Aidan akasoma muhtasari polepole, kwa sauti safi. Huyu angefaa kusoma somo la kwanza kanisani.

Hukumu: leseni imefutwa. Othmar amerudishwa mkiani. Zamu zangu zote za msimu, apewe Mama Kunigunda. Na keshokutwa nimmenyee kahawa ya nusu ya shamba iliyobaki, kwa mashine ya mkono, kutwa nzima. Leseni yangu! Niliibandika ukutani kwa siku tatu tu. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 31 Julai
Sikukuu ya somo wangu. Walikuja na ngoma, wakanikuta nazungusha mpini. Wakapiga hivyo hivyo, kwa kufuata mzunguko wangu. Bega linawaka. Maganda hadi masikioni.

Gunia la tatu, mwanga ukaniingia! Mashine hizi za mkono ziko kila boma, na watu wanazizungusha hivi hivi! Hakuna mtihani! Hakuna cheti! Punje ikipasuka, anawajibika nani? Nimeacha mpini, nimechana mfuko wa saruji, nimeandika maswali kumi. Muhuri nitauchonga kwa kiazi.

Mama Kunigunda ameniletea togwa. Nimemweleza kwa heshima kwamba amemenya kahawa miaka arobaini bila leseni, na mtihani wake ni Jumatatu saa mbili. Amesema atanijibu nikimaliza gunia la tano.

Nimemwandika: mtahiniwa wa kwanza, amekubali.