Baba Hastaafu Mpaka Mtu Azame

Jumapili, 7 Juni

Msiba. Baba hastaafu.

Naandika haya nikiwa chooni, ndicho chumba pekee cha nyumba hii chenye komeo. Naandika kwa Kiswahili. Shuleni tunafundishwa kila kitu kwa Kiingereza na maneno ya kujibia mtihani ninayo tele, lakini aibu yangu haijawahi kwenda shule. Inajua lugha ya nyumbani tu.

Ilivyokuwa. Tulikuwa mezani. Baba ni mwokoaji wa bwawa la kuogelea la manispaa. Hukaa juu ya kile kiti kirefu chenye ngazi, kofia kichwani, kipenga shingoni, anachunga watu wasife maji. Mwisho wa mwezi huu anafikisha umri wa kustaafu. Nilikuwa nausubiri mwezi huu kama mfungwa anavyosubiri lango. Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama ameshaagana na Meneja. Baba akasema Meneja amempa mawili achague kufikia Jumamosi: kustaafu, au kuongeza mkataba wa miaka miwili. Na yeye anaona aongeze.

Kijiko kilinitoka mkononi.

Mama akamkumbusha goti lake, linalolia ngazini kama mlango mbovu. Baba akasukuma sahani yake kando.

"Mama Kifaranga, mimi naitwa mwokoaji. Sijamwokoa mtu hata mmoja. Sasa nitastaafu nini?"

Hata mmoja! Miaka yote ile juu ya kiti, toka kabla sijazaliwa! Mama akamwongezea mchuzi. Mimi nilikuwa na jibu ila sikulitoa. Huwa sitoi.

Ungamo: simwonei huruma goti lake. Najionea huruma mwenyewe. Muhula ujao darasa letu linaanza masomo ya kuogelea kila Jumatano, bwawa hilohilo. Na Baba ana kipaza sauti. Likizo iliyopita, umati wote ukisikia, alitangaza kwamba Kifaranga avute nguo yake, nyuma imepanda. Kifaranga ni mimi. Nina miaka kumi na sita. Nilikaa chini ya maji mpaka mapafu yakanigomea.

Miaka miwili ya hayo. Sitafika.


Jumatatu, 8 Juni

Mpango wa Kwanza. Kumtamanisha.

Jirani yetu Mzee wa Posta amestaafu juzijuzi. Kila asubuhi namwona kibarazani kwake, kandambili mguuni, gazeti mkononi. Picha ya raha. Nilimwomba, kupitia kwa mkewe maana mimi na wanaume wazima hatuongei, aje jioni amsimulie Baba utamu wa kupumzika. Mkewe alikubali upesi mno. Hilo lilipaswa kunishtua.

Amekuja. Akanywa chai nusu kikombe, akatazama dari, akasema kustaafu hakuna mfano wake. Nikatabasamu nyuma ya pazia. Akaendelea. Kwamba siku ya kwanza alilala mpaka mbavu zikauma. Siku ya pili akapanga vijiko vyote kwa ukubwa. Siku ya tatu mkewe akavipangua bila kusema neno. Kwamba sasa mkewe humtuma dukani kiberiti, akirudi humtuma chumvi, akirudi humuuliza mbona amerudi. Kwamba lile gazeti ni la mwezi uliopita.

Hapo akatoa leso. Baba akamshika bega. Wameagana mlangoni kwa mikono miwili, kama watu waliotoka kuzika.

Baba ameingia ndani akasema huenda hata miaka miwili isitoshe.

Isitoshe!


Jumanne, 9 Juni

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jawabu. Ni rahisi mpaka nimejiogopa. Baba anataka kumwokoa mtu. Basi mtu azame.

Mpango wa Pili: rafiki yangu Mdomo. Anaitwa hivyo kwa sababu siri kwake ni kama maji kwenye chujio, lakini ndiye rafiki niliye naye. Nimemwahidi nitamwandikia insha zake za Kiingereza mpaka tufunge shule. Akasema kwa bei hiyo angezama hata mara mbili.

Tumeenda jioni. Baba kitini. Chini yake amesimama Miwani, mwokoaji msaidizi, kijana anayevaa miwani ya jua hata mawingu yakitanda, na anayekitazama kile kiti kama mrithi anavyomtazama mgonjwa. Ameniuliza kama kweli mzee anaondoka. Nimekohoa. Ndilo jibu langu kwa wavulana wote.

Mdomo akaingia upande wa kina. Hakuzama. Alijaribu kwa moyo, mtu asimsingizie. Alitoa pumzi, akakunja magoti, akafumba macho. Akaelea. Akajigeuza, akaelea upande wa pili. Alisema baadaye kwamba mwili wake umekataa, na kwamba yeye hawezi kushindana na mwili. Alipoanza tu kupunga mkono, kipenga kikalia. Baba alikuwa ameshamwona toka anavua viatu. Kipaza sauti kikamwambia wewe mwenye nguo nyekundu, rudi kwenye kina kifupi, umechoka wewe.

Ndipo nikaelewa kwa nini hajawahi kumwokoa mtu. Hawapi nafasi. Anawapigia kipenga kabla hawajaanza kufa.

Mdomo anadai insha zake hata hivyo.


Alhamisi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Niliamua nizame mwenyewe. Hesabu yangu ilikuwa hii: Baba huwatazama wageni. Mimi hanitazami, maana alinifundisha kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo. Kwa hiyo mimi ndiye mtu pekee duniani anayeweza kuzama mbele ya Baba. Niliona fahari kidogo.

Bwawa halikuwa na watu wengi. Nikatazama juu: kofia ya Baba ipo kitini. Vizuri. Nikaenda upande wa kina, nikapiga kelele moja (ndogo, niliona haya), kisha nikaanza. Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Nilitapatapa kwa ustadi. Nilimeza maji ya kutosha ili nionekane mkweli. Nikaenda chini, nikapanda, nikaenda chini. Nikasikia kishindo cha mtu kuruka. Nikajilegeza kama kitambaa, nikawaza: Baba, pokea heshima yako.

Mkono ukanishika kwapani. Nikafungua jicho moja.

Miwani!

Miwani, ndani ya kofia ya Baba! Baba alikuwa ameshuka kwenda chumba cha pampu kutia dawa ya maji, akamwazima kiti na kofia kwa ajili ya jua. Nilijaribu kumwambia aniache, arudi, nizame upya. Maji yakanijaa mdomoni na yeye akadhani nakata roho. Akaongeza mbio.

Walipiga makofi. Meneja alitoka ofisini akampa mkono, akampa tena. Mtu akanifunika taulo lisilo langu. Na Baba alikuwa amesimama mlango wa chumba cha pampu, kopo la dawa mkononi, hasogei. Sijawahi kumwona na uso ule. Kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta nyumba imebomolewa.

Hakunigombeza. Tulirudi nyumbani amenishika mkono barabara nzima. Sikuutoa.


Ijumaa, 12 Juni

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu zimeishia ukingoni mwa bwawa.

Baba hajala. Amekaa uani kwenye kigoda, anasugua goti ambalo leo hata halijamuuma. Nimemsikia akimwambia Mama kwamba sasa ataongeza mkataba, hakuna mjadala. Atashukaje kitini, mwanawe mwenyewe, aliyemfundisha kwa mikono yake, nusura afe umbali wa hatua chache naye yupo anatikisa kopo? Mtu wa namna hiyo hana haki ya kupumzika. Atakaa pale mpaka alipe.

Ilinichoma. Naandika kweli, ilinichoma. Mpaka jana nilikuwa nataka ashuke kwa ajili yangu. Leo natamani ashuke kwa ajili yake, maana akipanda tena kile kiti na mzigo huu, utakuwa mzigo wangu amebeba yeye.

Kwa hiyo nimeungama. Mimi! Nimesimama mbele yake nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba sikuzama, niliigiza, nilitaka aniokoe ili astaafu.

Baba amenitazama mpaka macho yake yakalowa. Akasema Mungu amempa mtoto mwenye moyo. Mtoto anayekubali kuitwa mwongo ili baba yake asione aibu. Akanipapasa kichwa.

Haamini!

Mama, aliyekuwa akianua nguo, aliamini papo hapo. Alinivuta jikoni na kufunga mlango. Kwanza alinifinya sikio. Kisha akasema kesho asubuhi Baba anatia saini pale bwawani mbele ya Meneja, na mimi nitakuwepo, na kabla hajashika kalamu nitaogelea toka ukingo hadi ukingo aone kwa macho yake.

Nimemwambia kwamba Jumamosi watu wanajaa. Darasa zima linakuwepo.

"Uliona haya ulipokuwa unajizamisha?"

Niliona, kidogo. Nikaenda kutafuta taulo langu.


Jumamosi, 13 Juni

Nimeogelea.

Darasa zima lilikuwepo, nadhani na madarasa mengine. Mdomo aliwaambia watu wawili tu, anaapa. Nilipovua taulo mtu mmoja alisema ndiye huyo aliyezama. Miguu ilitaka kunirudisha nyumbani peke yake. Mama alikuwa nyuma yangu, akanisukuma.

Mara nikawa majini, na chini ya maji hakuna anayekutazama. Nilikwenda vizuri. Mkono, pumzi, mkono, pumzi, kama alivyonifundisha. Nilimwona Baba anatembea ukingoni sambamba nami, karatasi ya mkataba mkononi, kalamu sikioni, viatu vya ofisini alivyovaa kwa ajili ya Meneja. Nilikuwa nimevuka nusu. Pumzi ikaniishia kidogo, si kwa kuchoka, kwa woga wa watu. Nikafanya alichonifundisha pia: ukichoka, lala chali, tulia, maji yatakubeba. Nikalala chali. Nikatulia. Nikafumba macho kwa sababu ya jua.

Bwawa likapasuka.

Baba alikuwa ameruka! Na viatu! Na mkataba! Alinikumbatia kifuani, akaanza kunikokota kuelekea ukingo ulio mbali kuliko wote. Nilifungua kinywa nimwambie Baba, mimi mzima, nilikuwa napumzika. Hapo nikasikia goti lake linakataa. Mguu ukawa mti. Tukaanza kushuka wote wawili.

Nikapiga miguu. Chini chini, taratibu, asijue. Yeye akavuta kwa mikono, mimi nikasukuma kwa miguu, na tukafika. Alinipandisha ukingoni, akanishika uso kwa viganja viwili. Maji yalimtiririka kwenye ndevu. Alikuwa anatetemeka. Alikuwa anacheka.

"Nimekushika, Kifaranga. Nimekushika."

Watu wote walikuwa wamesogea ukingoni. Darasa zima linanitazama. Sentensi moja tu ingetosha, tena ya kweli, na ingeniokoa mimi na aibu ya maisha yote.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu, nikatema maji kidogo.

Makofi. Miwani ndiye aliyeanza, nampa haki yake. Mkataba ulikuwa unaelea upande wa kina, wino wake umeshageuka moshi. Meneja akasema usijali mzee, nitachapa mwingine. Baba akasema hakuna haja. Yeye amestaafu.

Tulipofika nyumbani, Mama alininyooshea nguo na kunipa kipande chake cha nyama.


Jumatatu, 15 Juni

Shuleni naitwa Jiwe. Sawa. Naweza kuishi na Jiwe. Baba ana furaha ya mtoto. Amemsimulia Mzee wa Posta uokoaji wake toka asubuhi, na kila akisimulia, bwawa linaongezeka kina. Mzee wa Posta ameomba arudie. Mkewe ametuletea matunda ya shukrani.

Nilikuwa nimeanza kuamini mambo yamekwisha. Jioni Meneja akapiga simu. Wameguswa sana. Wanamwomba Baba, kwa heshima, aje kila Jumatano kufundisha darasa maalumu la watu wanaoogopa maji. Si kazi, ni kujitolea tu. Saa ileile ya darasa letu. Baba amekubali kabla simu haijakatwa. Na mwanafunzi wake wa kwanza, amesema akinitazama kwa mapenzi ambayo sina pa kuyakimbilia, atakuwa mimi. Ameshaninunulia maboya ya mikononi. Yana picha za bata.

Bata!

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu lote lilikuwa kutumia maji. Maji yana mambo mengi. Nchi kavu ni rahisi. Nitavunjika mguu. Si kweli kweli, bandeji tu, na kuchechemea mpaka mwisho wa mwaka. Haiwezekani ishindikane. Mdomo amekubali kuwa shahidi wa ajali.

Nimeanza kuchechemea leo leo ili watu wazoee. Mama ameniuliza mguu gani. Nimesema wa kushoto. Akasema mbona nachechemea wa kulia.

Dosari ndogo. Kesho nitarekebisha.