Usimeze Kielelezo

Jumapili, 8 Juni 2025
Pentekoste. Siku ya aibu. Ubeti wa pili ulikuwa wangu peke yangu, besi, nimeufanyia mazoezi tangu Pasaka mpaka mbuzi wanaujua. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikakohoa. Nikavuta tena. Nikakohoa tena, kikavu, kama mtu anayepasua kuni. Laurenti, besi mwenzangu, akaudaka ubeti wangu bila kuombwa na mtu na kuumaliza. Vigelegele! Mchungaji akasema Roho ameshuka. Kwa Laurenti?

Mke wangu Damari anasema kikohozi kilianza mwezi uliopita, nilipoanza vidonge vya presha. Anasema daktari alinielekeza nikiona jambo geni nirudi. Sikumbuki. Siku ile nilikuwa natafuta kofia yangu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimepiga alizeti, redio juu ya gunia. Habari kubwa! Nchi za nje, mtu akidhuriwa na dawa anaishtaki kampuni iliyoitengeneza na kulipwa fidia. Nikazima redio kabla mtangazaji hajamaliza, maana nilishaelewa.

Nimesoma boksi la vidonge vyangu. Kampuni iko mbali, jina lake refu, halitamkiki. Safi sana. Jina refu vile haliwezi kuwa la maskini.

Alizeti niliisahau uwanjani. Kuku wamekula. Damari hasemi nami.

Jumanne, 10 Juni
Kwa Mzee Mazengo, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Ndiye mwanasheria wetu kijijini, kwa kuwa ana mashine ya kuchapa. Nikatoa shikamoo, nikakohoa. Akasema mahakama haisikilizi kikohozi, inasikiliza ushahidi. Nilete vielelezo. Tena nisiwe peke yangu: mmoja ni mlalamishi, wanne ni kesi. Kabla ya yote niende kituo cha afya, daktari anipime na aandike.

Nimeyanakili yote kwenye daftari isipokuwa hilo la mwisho.

Jumatano, 11 Juni
Nimerekodi kikohozi kwa simu ya binti yangu Hana. Mimi mara tatu, mbuzi mara mbili. Hana anasema mbuzi ndiye anaonekana kuumwa zaidi.

Mchana nimekusanya wadai. Calist anasema vidonge vyake vya presha vimemmaliza nywele. Nimesoma naye darasa la kwanza, hata wakati ule hazikuwa nyingi. Nikaandika: nywele, zote. Idrissa wa bodaboda anatumia dawa ya mgongo, anadai tangu aianze abiria wa Ilongero wamepungua. Nikaandika.

Wa mwisho Mama Rukaiya, jirani yetu, mjane, mwaka wa tisa kwenye dawa ya presha. Akasema hana tatizo lolote. Nikamuuliza kwa upole kama jioni hachoki. Akasema ana miaka sabini na moja na analima mwenyewe, atakosaje kuchoka? Nikaandika: uchovu mkubwa. Akacheka, akaweka dole gumba. Huyu alimlea Hana miezi miwili Damari alipolazwa. Kwake mimi ni mtoto, na mtoto hanyimwi dole gumba.

Alhamisi, 12 Juni
Mkutano sebuleni kwangu. Nimefungua kwa hotuba. Nikawaeleza kwamba kuanzia leo vidonge si vidonge tena, ni vielelezo. Asimeze mtu! Kielelezo kikimezwa kimekwisha, na kesi imekwisha. Nikapitisha kopo la maziwa ya unga, kila mmoja akatumbukiza vyake, nikalifunga kwa plasta. Calist akapiga makofi.

Mama Rukaiya akauliza kama kweli haina ubaya kuacha.

“Wiki moja tu, mama,” nikamwambia. “Sheria ndiyo inataka.”

Damari akatoa kichwa jikoni. “Baba Hana, hiyo sheria ndiyo itakayompima presha?”

Nikamjibu kwamba mambo ya mahakama hayaingiliwi.

Jumapili, 15 Juni
Balaa! Nimeacha vidonge na kikohozi kinapungua. Ushahidi unanikimbia kifuani. Baada ya ibada nikaingia stoo, nikapepeta makapi ya alizeti makusudi, uso juu ya ungo. Kimerudi kidogo. Nikanusa na pilipili. Kimerudi vizuri sana, pamoja na machozi. Laurenti alipita njiani akauliza kama nimefiwa.

Jumanne, 17 Juni
Leo sicheki.

Asubuhi Mama Rukaiya ameanguka mlangoni kwake, ndoo ya maji ikamwagika yote. Damari ndiye aliyemsikia. Nilipofika alikuwa na macho wazi, lakini aliniita kwa jina la marehemu mumewe. Idrissa akaleta pikipiki, tukamkalisha katikati, Damari nyuma akimshika. Mimi nikakimbia kwa miguu mpaka kituo cha afya. Sijakimbia hivyo tangu ujana.

Muuguzi, Sista Jenipher, akauliza mama anatumia dawa gani na mara ya mwisho amemeza lini. Damari akaniangalia. Idrissa akaangalia dari. Nikatoa kopo, nilikuwa nimekimbia nalo kwapani.

Sista akabandua plasta, akachungulia ndani. Kisha akanifunga mkono nami kipimo cha presha. Akasoma. Akasoma tena. Akanionyesha kitanda cha pili.

Jumatano, 18 Juni
Usiku mzima nimelala nikisikiliza pumzi za Mama Rukaiya ng'ambo ya pazia. Zilipokawia, nami nilizuia zangu.

Asubuhi daktari Sixbert, kijana mpole, akanieleza. Kikohozi kikavu kwa dawa ile kinajulikana. Kinawapata baadhi ya watu, si wote. Ningerudi tu, angenibadilishia, kazi ya dakika kumi. Akachukua fomu ya kuripoti madhara ya dawa, akaniuliza kilianza lini, akajaza. Nikauliza kama fomu inakwenda mahakamani. Akasema inakwenda kwa wanaofuatilia usalama wa dawa nchi nzima. Hivyo malalamiko yangu yangeweza kuandikwa tangu mwanzo, bure, bila kopo.

Pazia likafunguliwa. Mama Rukaiya ameamka, ananijua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akavuta shuka. “Antipasi, siku ya tatu nilishaanza kuona giza.”

“Mbona hukusema, mama?”

“Ulishamtangazia Mzee Mazengo una wadai wanne. Nikitoka mimi, ungeaibika.”

Nikalia. Sista alipopita nikamwambia ni kikohozi.

Jumamosi, 21 Juni
Tumeruhusiwa. Dawa yangu mpya, ya mama ileile ya zamani. Calist na Idrissa wamerudishiwa vidonge vyao na maneno makali juu.

Mzee Mazengo amekuja na tabasamu. Anasema sasa kesi ipo! Aliyedhurika yupo, mashahidi wapo, kielelezo kipo, na mkutano uliitishwa hadharani. Nikamuuliza tunamshtaki nani. Akasema mimi. Hati ameshaanza kuichapa, imebaki dole gumba la Mama Rukaiya.

Sikuweza kula. Jioni nikaenda kwa Mama Rukaiya, nikapiga magoti mlangoni. Akasema Mzee Mazengo ameshapita, amemrudisha na karatasi zake. Hataki mahakama. Anataka kila asubuhi nije nimwamkie, nimwone akimeza kidonge chake, kisha nimpigie alizeti yake mpaka iishe.

Alizeti yake ni nyingi sana. Nikasema asante.

Jumapili, 6 Julai
Kikohozi kimekwisha kabisa! Nimeimba leo. Laurenti naye aliimba, lakini kanisa lilijua.

Mama Rukaiya ana nguvu, jana alinifokea napiga alizeti kivivu. Sijakosa asubuhi hata moja. Sista Jenipher alitukuta, akanisifu, akasema ingefaa niwakumbushe na wengine. Hana anasema yale ni maneno ya adabu tu. Mimi nayaita uteuzi.

Nimemtuma Idrissa Singida mjini akanichongeshee muhuri: A. ANTIPASI, MSHAURI WA DAWA. Meza nimeitoa stoo, nimeiweka barazani. Damari ameiangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mteja wa kwanza ameshapatikana: Calist. Kliniki wamempa cheti kipya, ameze nusu kidonge. Nusu! Mwanaume wa ng'ombe arobaini anakatiwa kidonge kama kifaranga! Nimemwambia asimeze kwanza, aje tukipitie upya. Kesho ni Sabasaba, ofisi za serikali zote zimefungwa.

Yangu itakuwa wazi.