Tunza Picha Za

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Picha ya eksirei ya kifua cha mama mkwe imepotea. Ilionekana mara ya mwisho Jumanne iliyopita, tarehe 2, juu ya kabati la chumbani, ndani ya bahasha ya kaki. Leo saa moja asubuhi nimepanda kiti. Bahasha ipo. Ndani hewa.

Naandika haya ili ijulikane mapema kwamba si mimi.

Mambo yenyewe ni haya. Miaka miwili iliyopita mama alikohoa wiki tano. Kituo cha picha cha mtaa wa pili kikampiga eksirei, kikaonekana kidoa pafu la kulia. Milimita nane. Daktari akasema si cha kuogopa, ila tunzeni picha hii, nakala nyingine hatuna. Sasa kikohozi kimerudi, mama kapigwa picha nyingine, na kidoa kipo. Daktari anazitaka picha zote mbili aziweke kando kwa kando. Kama kidoa hakijakua, ni kovu tu, arudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Kama kimekua, hospitali kubwa na sindano ya kifuani. Na kama picha ya zamani haipo, hakuna wa kusema kimekua au hakijakua. Kwa hiyo sindano vilevile.

Miadi ni Ijumaa, saa nne. Siku nne.

Mama kaniuliza, baba, ile picha umeiona? Nimemwambia ipo, mama, inatafutwa tu. Akasema kitu kilichopo hakitafutwi. Kisha akarudi kitandani bila kumaliza chai. Vikombe viwili sasa tangu jana. Mtu huyu kwa kawaida hamwachii kikombe hata nzi.

Namshuku shemeji, mdogo wake mke wangu. Ana mashine ya kuchapa mabango. Mimi nachora mabango kwa mkono, sikufundishwa na mtu, na wiki iliyopita nimempiku kazi ya ukuta wa kituo hichohicho cha picha. Nilimwambia meneja turubai hupasuka, ukuta hauhami. Shemeji hajanisamehe. Mtu asiyesamehe huiba.

Jumanne, tarehe 9

Nimekwenda kituoni asubuhi kuwaambia wamepoteza picha yetu. Nilipiga meza kidogo. Yule dada anayepiga eksirei (nimempa jina Usipumue, maana ndilo neno lake: vuta pumzi, shika, usipumue) akafungua daftari la miaka miwili iliyopita. Akaniuliza kwa heshima kama sahihi ile naitambua. Sahihi yenye kivuli cha bluu na nyota juu yake. Katika mji mzima anayeweka kivuli kwenye sahihi ni mmoja.

Nimesema inafanana na yangu. Nikatoka.

Nikapita kwa shemeji. Nikamwambia nakujua. Akasema na yeye ananijua, miaka kumi na mitatu, na kila kitu kilichopotea nyumbani kwangu kimekutwa chini yangu nimekikalia. Wateja wake wakacheka. Watu watatu. Nimewakariri.

Mchana nikapanga violezo vya kazi ya Alhamisi. Kwa asiyejua: kiolezo ni herufi iliyokatwa ndani ya filamu ya zamani ya eksirei. Unabandika ukutani, unapaka rangi, herufi inatoka safi. Hakuna kitu kinachokatika vizuri kama filamu. Majirani hunipa zao wakipona. Nilikuwa nazo 11: magoti manne, viwiko viwili, viuno vitatu, mguu mmoja, taya moja. Nilizikata Jumatano iliyopita, herufi mpya kubwa, mbili kwa kila filamu.

Herufi ni 24, maana Q na X kwetu hazina kazi. 24 gawanya kwa 2 ni 12.

Filamu zangu ni 11.

Nimerudia hesabu mara tatu. Nimetumia hata kikokotoo cha mke wangu, kwa kuwa ni kipya. 12.

Nimeinua herufi moja moja dirishani. A, goti. B, goti. Nikafika K. Mbavu! L, mbavu! Pafu la kulia la mama limekuwa K, la kushoto limekuwa L. Jina lake lipo kwenye kona ya K, jeupe, linanitazama.

Sasa tuwe wakweli. Filamu zangu hukaa upande wa kushoto wa kabati, ya mama upande wa kulia. Ni mpangilio wangu mwenyewe na haujawahi kukosea. Mke wangu alipangusa vumbi Jumanne ile, bahasha zikahama. Kwa hiyo si mimi. Ni vumbi.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, tarehe 10

Nimepata njia!

Kifua ni kifua. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi alianguka ngazi mwaka jana na anayo picha yake. Nimemwomba aniazime siku tatu, nami nitamwandikia jina kwenye kiti chake cha zamu. Akauliza picha ya kazi gani. Nikasema utafiti. Akasema basi wakigundua kitu tumwambie, hata usingizi umempungua. Mlinzi!

Nimejifungia kibandani. Mbavu nimehesabu, 12 kila upande, sawasawa na za mtu yeyote mwenye adabu. Begani kuna vifungo vidogo sita kwenye mstari. Nadhani hakuvua shati. Uzembe wa Usipumue, lakini hautuhusu.

Jina la mlinzi nimelifunika kwa rangi nyeusi. Juu yake nimeandika la mama kwa nyeupe, brashi nambari 1. Nzuri kuliko ya mashine.

Hapo nikasimama. Mlinzi hana kidoa! Daktari akiona kifua hiki safi atasema kidoa cha mama kimezaliwa juzi, na tumerudi palepale kwenye sindano. Mwingine asingeliona hilo. Mimi nimeliona. Nimechukua rula, nikatia tone moja la nyeupe pafu la kulia. Milimita nane kamili.

Nilipoingia ndani mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kutokea. Nikamwambia mama, leo ni Jumatano. Akasema anajua, anazizoea tu. Akasema akichomwa sindano anataka awe amevaa zile za zambarau.

Nikamwambia picha imepatikana. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema Mungu akuzidishie, baba. Akamaliza chai. Akaomba ya pili.

Sijui kwa nini nilimpa na kikombe changu.

Alhamisi, tarehe 11

Siku mbaya. Naiandika kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi nimefika kituoni na rangi, ngazi na violezo 24. Bahasha nimeiacha mapokezi, nikasema picha ya mama ya zamani hiyo, daktari aiandae kwa kesho. Nikaanza ukuta. Maneno alinipa meneja mwenyewe: UKIKOHOA ZAIDI YA WIKI MBILI, NJOO UPIMWE. Nikamaliza mstari huo saa nne. Chini yake: TUNZA PICHA ZAKO, NJOO NAZO KILA MARA.

Nilifika TUNZA PICHA ZA. Nimeshika K mkononi, naiweka mahali pake, Usipumue akatoka nje na picha ya mlinzi.

Akaniuliza, kaka, mama mkwe wako aliwahi kuvunjika mtulinga? Nikasema hapana, mama ni mtu wa kutulia. Akauliza basi bamba la chuma begani, lenye skrubu sita, aliwekewa na nani.

Skrubu!

Nikasema labda ni vifungo. Akasema vifungo havipigiliwi mfupani. Kisha akauliza kama daktari anajua kwamba kidoa cha mama kina kivuli.

Nimetazama. Ni kweli. Mazoea ni mabaya. Nilikitilia kivuli kwa chini, cha bluu, kama ninavyofanya kwenye kila kitu. Akakikwangua kwa ukucha. Kikatoka.

Nilikuwa namweleza kuhusu vumbi na kabati, huku K nimeiinua kujikinga jua. Kosa. Jua likapita ndani yake. Usipumue akasogea. Akahesabu mbavu kwa kidole, juu ya rangi mbichi. Akasoma kona.

Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mama wa watu amekuja hapa mara tatu wiki hii, kwa miguu, kuuliza kama picha imeletwa, na kila mara anaomba tusimwambie mkwe asije akajiona anasumbuliwa.

Sikujua hilo.

Amezichukua K na L. Kasema kazi isimame. Ukuta sasa unasomeka TUNZA PICHA ZA. Shemeji alipita saa saba na pikipiki yake, akapunguza mwendo, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima: shemeji, picha za nani?

Nyumbani nimesema yote. Mke wangu akanikabidhi kitambaa cha vumbi. Mama akauliza jambo moja tu, kama kidoa kimo ndani ya kilichokatwa au ndani ya kilichobaki. Nikasema sijui, mama. Vipande vya katikati vilikwenda na takataka Jumatano ileile.

Akasema haya, tutajua kesho. Akaingia chumbani kwake. Chai hakuigusa.

Ijumaa, tarehe 12

Tumekwenda wanne: mama kwenye nguo za zambarau, mke wangu, mimi, na shemeji ambaye hakualikwa. Nilitembea nyuma.

Usipumue alikuwa amezifuta K na L kwa pamba na mafuta ya taa. Kawaida filamu zangu huziloweka kwenye dawa ya madoa hadi ziwe nyeupe, ila Jumatano ile nilikuwa na haraka. Aliziweka kwenye kisanduku cha mwanga, moja kushoto, moja kulia, na tundu la herufi katikati ya kila pafu. Kando akaweka picha mpya. Daktari akavaa miwani. Akainama.

Usipumue mwenyewe hakuwa akipumua.

Daktari akaomba rula. Akapima ya zamani, upana wa kidole kimoja kutoka mguu wa chini wa K. Nane. Akapima mpya. Nane. Akapima tena zote mbili. Nilihesabu pamoja naye. Nane, nane.

Akasema mama, hili ni kovu. Halijasogea hata unywele. Nenda nyumbani, kikohozi kikizidi wiki mbili rudi, usikae nacho.

Mama akavuta pumzi ndefu bila kuambiwa. Akainuka, akaitazama K, akasema kumbe miaka yote hii alikuwa na herufi kifuani na hakuna aliyemwambia. Kisha akanigeukia. Baba, ungekata nene kidogo tu, leo nisingerudi nyumbani. Nikasema mama, herufi nyembamba ndiyo mtindo wangu. Akacheka hadi akakohoa, na safari hii hakuna aliyeogopa.

Shemeji alikuwa amegeukia dirishani, anafuta macho. Alisema ni mafuta ya taa.

Meneja ameniambia nitamalizia ukuta kwa gharama yangu, na niongeze mstari mmoja: FILAMU SI KARATASI. Nimekubali. Mbele za watu nilikubali.

Jumamosi, tarehe 13

Nimelala vizuri na nimefikiri kwa utulivu.

Nani aliyeitunza picha ile? Tuwe wakweli. Bahasha iliachwa juu ya kabati, ikahamishwa na vumbi, na isingechukua mwezi ingeliwa na mende. Mimi niliiweka mahali pakavu, imenyooka, kwa mpangilio wa alfabeti. Daktari aliipata na kidoa chake kizima. Hata kutoiosha kulikuwa na faida. Hakuna aliyesema asante.

Badala yake sasa mimi ndiye niliyepoteza. Herufi K na L. Zilionekana mara ya mwisho jana, saa nne na dakika arobaini, zikitiwa ndani ya faili la mama, kabati la chuma, droo ya pili. Ukuta unasomeka TUNZA PICHA ZA kwa siku ya tatu. Wapita njia kumi na wanane wameniuliza picha za nani. Mlinzi naye kasoma, kaja kudai yake. Mke wangu anasema niandike K kwa mkono yaishe. K ya mkono katikati ya herufi za filamu ni jino la dhahabu kwa mtoto mchanga. Siwezi.

Nimeandika barua kwa meneja. Nakala:

Mheshimiwa, herufi mbili zilizomo ndani ya faili la mama mkwe ni vifaa vyangu vya kazi. Kidoa kimeshapimwa mara mbili, nane na nane, hakina shughuli nyingine. Bila herufi hizo siwezi kumaliza ZAKO, wala KILA, wala huo mstari wenu wa FILAMU. Nyumbani kuna filamu mpya ya mama, iko chini ya godoro lake, naye anailalia. Nimekwisha kuipima kwa macho: inatoa herufi mbili, na nikipita mbali na kidoa hakuna atakayejua. Sipendi kufika huko. Kwa hiyo nataka jibu la moja kwa moja, bila maelezo na bila mawaidha, kabla ya saa sita mchana Jumatatu: K na L zangu zinarudi, ndiyo au hapana?