Shahidi Wangu wa Kwenda Berlin

Jumatatu, 3 Juni 1912. Morogoro.

Nimeanza kuandika shajara. Mtu mashuhuri asipoacha kumbukumbu za siku alizokuwa bado hajawa mashuhuri, watu humzushia. Mimi ni Yunusi, mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya serikali. Mwaka wa nne huu nawaimbisha a e i o u. Darasa la wakubwa halina mwalimu tangu Ramadhani. Kila nikiliomba, jibu ni lile lile: cheti chako hakijatimia. Anayefundisha wakubwa lazima awe amesoma mwaka mmoja ng'ambo.

Sasa sikiliza, shajara. Bwana Lindemani, yule Mdachi mrefu aliyepanga nyumba nyuma ya soko, anarudi kwao Jumatano ya wiki ijayo. Mjini wanamwita daktari na kina mama humpelekea watoto wenye kikohozi. Amechoka kueleza kwamba udaktari wake ni wa vitabu, na huo wenyewe hajaupata. Chuo chake cha Berlin hakimpi mpaka akae mwaka mzima ugenini akisoma lugha na mila za watu. Mwaka umetimia. Anaondoka na Mluguru mmoja wa kumsaidia kumaliza kitabu. Mtu huyo atakaa Berlin mwaka mmoja, atahudhuria chuo, atapewa cheti.

Mwaka mmoja. Cheti. Mimi ni Mluguru. Wa mjini, lakini Mluguru.

Nimeshapiga rangi buti zangu.

Jumatano, 5 Juni.

Nimekwenda kwa Bwana Lindemani. Anataka mambo matatu. Mtu ajue Kiluguru cha milimani. Alete ruhusa ya baba kwa maandishi. Alete na shahidi wa tabia ambaye si ndugu yake.

Kiluguru changu ni cha kuombea chumvi. Hilo sikulisema. Juu ya baba nilisema kweli: baba yupo Kisaki kwa mke wake mwingine na hana kauli juu yangu, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Akaandika kurasa mbili. Huyu bwana huandika kila kitu. Nilipiga chafya, akaandika.

Mwisho akasema ruhusa ya mjomba itafaa. Hapo ndipo penye shida. Mjomba Gabrieli yupo Matombo, na Matombo kwa sasa si mahali pa mimi kuonekana. Kaka yake mkubwa, Mjomba Mloka, alifariki Aprili. Jumamosi ya tarehe 15 wanaanua matanga, na siku hiyo jina la marehemu litapewa mpwa mmoja. Nimesikia wamenitaja. Anayerithi jina hurithi kiti, shamba la migomba na wajukuu, na habanduki pale mpaka na yeye arithiwe. Sikusoma miaka yote ile ili nikalie kiti cha marehemu.

Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kesho alfajiri napanda mlima. Mwalimu mkuu nimemwambia nina msiba. Kwa bahati ni kweli.

Ijumaa, 7 Juni. Matombo.

Nimefika jana usiku, miguu imevimba. Leo nina jambo la aibu la kuandika. Sina buti.

Alizichukua Kasiani. Huyu ni mkulima wa kabichi, jirani wa mjomba, mtu wa rika langu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu, na sisi tukifiwa ni wajibu wao kututania ili huzuni isituue. Mpaka matanga yaanuliwe hakuna wa kuwazuia. Basi kaja asubuhi kavaa koti la marehemu, anakohoa kama marehemu, analalamika kwamba ugali wa msiba wake ni mbichi. Watu hoi. Bibi Mwaisha, mjane mwenyewe, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Mtu wa shule hacheki kwenye msiba. Kasiani akaniona. Akatangaza kwamba mimi ni mtumwa wake, kwamba bibi yangu alibadilishwa kwa jembe butu, na kwamba viatu vya mtumwa ni vya bwana wake. Akapiga magoti, akavivuta kimoja kimoja. Kwa mila huruhusiwi kukasirika. Unakomboa kwa kuku. Nilimjibu kwamba mwalimu wa serikali hakomboi viatu vyake mwenyewe. Akasema ahsante, akavivaa.

Vinamtosha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Juni.

Nimezungumza na Mjomba Gabrieli. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimechutama kabisa, kama zamani. Akaitika marahaba bila kuniangalia, akiendelea kuchonga mpini. Nikamweleza Berlin. Akauliza kama ni mbele ya Dar es Salaam. Nikasema ni mbele kidogo. Akauliza kama mtu anaweza kwenda na kurudi kabla ya palizi. Nikasema inategemea palizi ipi.

Alimaliza mpini mzima kwanza. Kisha akasema haraka haraka haina baraka, nisubiri tuanue matanga, niende mwaka mwingine. Nikamwambia hakuna mwaka mwingine. Nikamwambia nimechoka kuimba a e i o u na watoto wa jana wananipita kwa vyeo. Sauti ilinitoka vibaya. Sikuipanga itoke hivyo.

Mjomba akaweka kisu chini. Akasema basi. Nikipata nafasi kwa huyo Mdachi, jina la Mloka atapewa mdogo wangu Yakobo. Nikiikosa, Jumamosi nakaa kwenye kiti, na asisikie neno la tatu. Nikamchovya kidole kwenye wino, akagonga ruhusa. Nilimpenda sana mjomba saa ile.

Mchana nimejifunza Kiluguru kwa Bibi Mwaisha. Ni mwalimu mzuri ingawa ananiita mume wangu, kwa kuwa anadhani mimi ndiye nitakayerithi jina la marehemu wake. Kwa kuwa yupo msibani, anachokijua kwa ufasaha siku hizi ni maombolezo. Nimekariri matatu marefu.

Jumapili, 9 Juni.

Shahidi. Kutwa nimetafuta mtu asiye ndugu yangu katika Matombo nzima. Bernadeta wa njia panda, mama yake na mama yangu ni ukoo mmoja. Mwalimu wa dini ni wa ukoo wa baba. Mhunzi ameoa binamu yangu. Kila niliyemuuliza alinihesabia undugu kwa vidole, na wengine wakanikumbusha mazishi ambayo sikuhudhuria.

Jioni, akili ikafunguka. Mtani! Mtani si ndugu, hata afanye nini. Ananifahamu tangu utoto. Anaongea vizuri mbele za watu. Kasiani!

Bibi Mwaisha akanikataza. Akasema msiba ukiwa wazi, mtani hana ulimi wa kweli. Nisubiri matanga yaanuliwe, hapo Kasiani atanisemea mema mpaka nione haya. Nikamjibu kwamba treni haisubiri matanga. Wazee wetu hawa ni wema, lakini hawajui ratiba.

Kasiani kakubali upesi. Sharti lake moja: buti zibaki kwake. Buti kwa Berlin. Nimempa mkono.

Jumanne, 11 Juni. Morogoro.



Kiluguru nimefaulu. Bwana Lindemani aliniomba niseme lolote. Nikatoa ombolezo la kwanza lote, lile la mume wangu umeniacha na migomba nani ataipalilia. Akauliza kwa nini nasema kama mjane. Nikamwambia milimani walimu wakubwa huanza hivyo. Akaandika. Ruhusa ya mjomba akaipokea, akaupongeza wino.

Akaitwa shahidi. Kasiani akaingia na buti zangu na lile koti la marehemu. Bwana Lindemani akamuuliza kama ananifahamu. Kasiani akasema vizuri sana, ni mtumwa wake. Kalamu ikaanza kukimbia. Akaulizwa tabia yangu. Akasema mimi ni mwizi wa mbuzi, kwamba nilipofumaniwa nililia kama mbuzi yule nikaachiwa, kwamba nakula nikiwa nimelala, na kwamba ukoo wetu mzima ulinunuliwa kwa jembe moja, tena butu, na mpaka leo ukoo wake unadai urudishiwe jembe. Yote haya kwa uso mkavu. Nilimkanyaga mguu. Amevaa buti; mimi nimevaa ndala za ngozi. Nimeumia mwenyewe.

Bwana Lindemani akaniangalia kwa masikitiko. Akasema alinidhania mtu mwema.

Nikamvuta Kasiani pembeni. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa kweli, kwa upole, si kwa utani. Akasema, "Yunusi, msiba haujaanuliwa. Nikikusifu leo wewe, marehemu atanielewaje?"

Nikarudi ndani mbio kujitetea. Nikamweleza Bwana Lindemani kwamba ule ni utani. Akauliza utani ni nini. Nikamweleza. Nikaeleza nani hutania nani, tangu lini, buti huchukuliwaje, kuku anaingiaje. Nikaeleza mpaka taa ikawashwa. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile. Aliandika daftari zima, mashavu mekundu, kisha akasimama akasema mwaka mzima hakuna aliyemwambia jambo hili na kitabu chake sasa kimepata kichwa na miguu.

Nikasubiri neno langu. Akanishika bega, akanishukuru, akamgeukia Kasiani. Akasema mtu anayehitajika Berlin ni mtani.

Nikamwambia mtani peke yake hafai kitu, anahitaji mtu wa kumtania, na mimi nipo tayari kutukanwa mwaka mzima. Akafikiri. Akasema nafasi ni moja, na chuoni kwake wapo wasomi wengi wa kutaniwa.

Ruhusa ya Kasiani je? Shahidi wake je? Nikauliza kwa sauti. Ruhusa anayo; mjomba wake yupo hapa mjini sokoni, anauza kabichi zao. Shahidi asiye ndugu akahitajika papo hapo.

Wakaniangalia wote wawili.

Nimeshuhudia. Nimesema ni mtu mkweli. Kwao hakuna msiba wa mimi kutania, ningesema nini?

Jumatano, 12 Juni.

Nimekwenda stesheni. Kasiani kaingia behewani na kikapu cha kabichi na buti zangu. Kazisugua mpaka zinameta. Nadhani katumia mafuta ya nyonyo. Kaniita kutoka dirishani. Kasema nimsalimie mjomba, na kwamba jembe ataliulizia akirudi. Treni ikaondoka. Watoto wa darasa langu walikuwa pale, wakaimba a e i o u kunifurahisha. Niliona uchungu nikaondoka kabla hawajamaliza.

Kesho natembea kwenda Matombo. Neno la tatu sina. Mwalimu mkuu nimemwambia nina msiba, na safari hii nimekubali kabisa kwamba ni kweli.

Jumapili, 16 Juni. Matombo.

Nilidhani sitaandika tena. Lakini hali imegeuka, na imegeuka upande wangu.

Jana wameanua matanga. Wamenikalisha kwenye kiti, wamenipaka unga, wamenivisha lile koti (Kasiani aliliacha mjini, limenifuata kwa mchukuzi), wakaniita Mloka. Mila ni kwamba mrithi si mfano wa marehemu. Ni yeye. Bibi Mwaisha ameniletea uji akaniuliza, mume wangu, mgongo unaendeleaje. Wajukuu sita wananiita babu. Mmoja ana ndevu. Na leo asubuhi Mjomba Gabrieli amechutama mbele yangu akaniambia shikamoo kaka.

Nikaitika marahaba. Akaenda zake kupalilia, na mimi nikabaki kwenye kiti kile nikitazama migomba, nikielewa kwamba ni yangu na mimi ni yake mpaka kufa. Nilikaa hivyo saa nzima. Machozi yalinitoka kidogo.

Halafu nikafikiri.

Aliyeandikwa mwizi wa mbuzi katika daftari la Bwana Lindemani ni nani? Yunusi. Mimi ni nani? Mloka! Mloka hana doa. Na ruhusa ya mjomba nitaiomba wapi? Mjomba mkubwa wa ukoo huu ni mimi. Nimejiruhusu. Nimegonga kidole changu mwenyewe kwenye wino, kimetoka vizuri kuliko cha Gabrieli.

Barua ya kwenda Berlin ipo tayari, nafasi ya mwaka ujao. Jina, Mloka. Umri, nimeandika miaka sabini, maana marehemu alikuwa na sabini na sitaki kuanza elimu ya juu kwa uongo. Lugha, Kiluguru fasaha, hasa maombolezo.

Limebaki la shahidi asiye ndugu, na hili halikunisumbua hata kidogo. Kasiani atakuwa huko huko, atanisemea uso kwa uso. Bibi Mwaisha mwenyewe alisema matanga yakianuliwa mtani husema mema. Ameniambia tena asubuhi hii kwamba ndivyo, maadamu mtu hamchokozi mtani kwanza, maana akichokozwa hulipa mpaka siku ya kiyama. Nilikuwa natia saini, sikumsikiliza sana.

Chini ya saini palibaki nafasi. Nikaongeza salamu fupi kwa Kasiani, ya kumchekesha tu ugenini: kwamba buti alizovaa ni za mtumwa wake, na kwa kuwa zinamtosha sawasawa, mtumwa ni yeye, na bibi yake hakufika hata bei ya jembe.

Bwana Lindemani ndiye atakayemsomea.