Ngozi za Kengele ya Tatu

Jumatatu, 6 Machi

Muriel alifariki Jumamosi. Mazishi ni Ijumaa. Kwa miaka thelathini kengele ya tatu ya kanisa letu ilikuwa yake, basi siku hiyo nitaipiga mimi, mumewe. Nikamwendea Winifred Stott, kiongozi wa wapiga kengele. Akafungua daftari la mnara. Mwaka 1969, baada ya somo langu moja tu, aliandika neno moja kando ya jina langu: inept. Akasema, pole sana Clement, lakini siku ile kamba ilikunyanyua hadi darini. Uongo. Ilikuwa nusu ya njia.

Jumanne, 7 Machi

Nimeshinda na kamusi. Neno lile: asiye na ustadi, hutumika kwa mtu anayejaribu jambo akaliharibu. Anayejaribu! Kumbe ni nusu sifa. Nikampelekea padri barua ya kurasa nne, nikidai lifutwe. Akanipa chai, akasema hata Muriel alikuwa akiniita hivyo. Najua. Kila nilipounguza mkate aliniita hivyo, akanipokonya kisu, akacheka. Kwake lilimaanisha sogea nikusaidie. Kamusi haina maana hiyo. Nimelia mbele ya padri, mdomo umejaa keki yake.

Jumatano, 8 Machi

Mazoezi ya siri. Nimepitisha kamba juu ya boriti ya kibanda cha bustani, nikafunga jiwe upande wa pili. Nikavuta vizuri tu. Boriti ikashuka pamoja na rafu. Chupa kumi na moja za jamu ya plamu, za mwisho alizopika Muriel, zote zikavunjika. Jirani, Len Pask, alikuja na fagio, akauliza nafanya nini. Nikamwambia usafi.

Alhamisi, 9 Machi

Winifred kanihurumia. Kanipa kazi: nifunge vipande vya ngozi kwenye ndimi za kengele, vile vyuma vinavyozigonga kwa ndani, ili sauti ipungue. Kwa mazishi hufungwa upande mmoja tu, ili kengele ilie wazi, kisha ijibu kama iko mbali. Kanionyesha mara tatu. Pande zote mbili ni kwa mfalme, alisema, au padri aliyefia kazini. Kwani Muriel ni mdogo kuliko padri? Nikangoja ashuke ngazi. Nikafunga pande zote mbili, kengele zote sita, ngozi mbilimbili.

Ijumaa, 10 Machi

Upepo ulivuma. Jeneza lilipita langoni kimya kabisa. Mnarani watu sita walivuta kamba mpaka jasho likawatoka, nje hatukusikia kitu. Enid, dada yake Muriel, akaniuliza mbona wenzake hawakumpigia, walikuwa wamekosana naye? Miaka thelathini, halafu ameondoka kama mtu asiyejulikana. Nimemkosea mke wangu.

Jumamosi, 11 Machi

Winifred alikuja. Nilitegemea matusi. Akasema tu kwamba watampigia tena mwezi wa kumi, jiwe la kaburi likisimikwa, na kwamba safari hii nisiguse chochote, nisimame nje niisikilize kengele yake. Tulilia wote wawili jikoni.

Alipoondoka nikafikiri. Kosa lilikuwa unene wa ngozi. Ngozi laini ingefaa, na ufunguo wa mnara alioniachia Alhamisi bado ninao. Laini kuliko zote humu ndani ni ya mkoba wa Muriel, ule wa Jumapili. Nimeukata. Vipande vimetoka vifupi kidogo, lakini haidhuru. Glavu zake za ngozi zipo.